Paka wa Mtaani kwetu

Kaka na dada zangu, sote tulisomeshwa madrasa kile kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Imo katika Bukhari na Muslim. Hebu tukitazame tena: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie.

Mimi nina langu. Nilipokuwa na miaka tisa, hapa Mji wa Kale, nyanya alinituma nikatupe watoto watatu wa paka Marikiti. Nikawatia guniani, mbio! Hata macho hawajafungua. Tukasema, sokoni watakula. Watakula nini, na meno hawana? Mama yao alilia darini siku mbili. Wallahi, nikisoma hadithi ile naona haya.

Sasa ni Ramadhan, masufuria yamejaa. Lakini tusimtupie paka pilau na bajia, kwani vitunguu vinamharibu damu. Samaki wa kuchemsha bila chumvi wala miiba, na maji safi koponi, yatosha. Wala tusiogope najisi: Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akamwambia Kabsha, mke wa mwanawe, kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi. Na akizaa kwenu, mwacheni anyonyeshe, japo miezi miwili.

Mwaka huu darini kwetu kuna wengine wanne. Kopo la maji, nyanya mwenyewe hulijaza kabla ya daku.