Tulipie Insha, au Tukae na Mtoto Tusome Fomu?

Hotuba ya Mweka Hazina katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dodoma mjini



Taarifa ya mapato na matumizi imo katika kijitabu hiki na wakaguzi wameshaipitia. Sitaisoma. Dakika zangu naomba nizitumie kwa jambo moja lililotugawa kwenye kamati mwaka huu.

Mwenzetu mmoja alileta ombi. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, anaomba ufadhili wa kusoma Marekani. Vyuo vingi vya huko haviangalii alama peke yake. Mwombaji huandika insha ya kujieleza, na katika fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi kikomo chake ni maneno 650. Mtu alipatikana mtandaoni wa kuinyoosha insha hiyo kwa Sh. 600,000. Mzazi aliomba mfuko wetu wa elimu ulipe nusu.

Nawaambia ukweli, mimi nilikuwa upande wa kulipa. Niliona Sh. 300,000 si kitu mbele ya ufadhili wa miaka minne. Mzee mmoja wa kamati akauliza swali ambalo mhasibu nilipaswa kuliuliza mimi: "Hicho tunachonunua tumekiona?" Hatukuwa tumekiona. Mzazi alikuwa ameshatoa malipo ya awali, basi tukaomba atuletee insha zote mbili, ya binti na ile iliyorudi.

Ya binti ilikuwa na makosa ya Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini aliandika juu ya soko la Kibaigwa. Aliandika jinsi mama yake alivyouza mahindi kwa lumbesa, na jinsi yeye akiwa kidato cha pili alivyokaa na daftari akapiga hesabu ya debe ngapi zinakwenda bure kwa kila gunia lililoshonewa kilemba juu. Mwaka uliofuata mama akakataa kuuza bila mizani. Mnunuzi wa kwanza akaondoka, wa pili akakubali.

Ile iliyorudi ilikuwa na Kiingereza cha kung'aa. Soko halikuwemo, daftari halikuwemo. Mlikuwa na ukame, njaa, na msichana anayetembea pekee yake nyikani huku akiota kuwa kiongozi. Binti aliniambia kwa upole, "Shangazi, wakinipigia simu kuniuliza habari za hii insha, nitajibu nini?"

Hapo ndipo nilipobadilisha msimamo. Kwa Sh. 600,000 tungekuwa tumelipia kuondolewa kwa kitu pekee ambacho mtoto yule alikuwa nacho na wenzake maelfu hawana.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kusaidiwa ni vibaya. Watoto wetu husoma msingi kwa Kiswahili, wakavukia Kiingereza sekondari, kisha wanashindanishwa na watoto waliozaliwa ndani ya lugha hiyo. Mwalimu akimwonyesha mahali alipokosea kitenzi, au akamwuliza, "Hapa ulimaanisha nini?", huo ni msaada halali. Kalamu ikihama kutoka mkononi mwa mtoto, hiyo ni biashara nyingine. Biashara hiyo ipo jirani tu: Nairobi kuna vijana wengi wenye digrii wanaojipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Huko England, sheria ya mwaka 2022 imefanya kuuza kazi za namna hiyo kuwa kosa. Sasa Mmarekani amlipe Mkenya amwandikie, na sisi tumlipe mtu wa mtandaoni atuandikie tufanane na Mmarekani. Tukiulizwa nani hasa kasoma, tutanyamaza.

Insha ya binti tulikaa naye jioni tatu, mimi na mwalimu mstaafu aliye kati yetu hapa. Kila sentensi aliisahihisha mwenyewe. Gharama ilikuwa chai. Ufadhili hakuupata, na nalisema hilo ili asitoke mtu hapa akidhani nawauzia dawa. Nafasi zile ni chache na waombaji wanatoka dunia nzima. Leo anasoma hapa UDOM, na yupo pale kwa sababu fomu yake ya mkopo ilikuwa sahihi.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Anayeomba nje kati yetu ni mmoja, pengine wawili kwa mwaka. Watoto wetu wengine wote hakuna anayewaomba insha. Maombi ya vyuo wanayapeleka moja kwa moja chuoni tangu mwaka 2017, ulipoachwa ule mfumo wa pamoja wa TCU, na vyuo vinatazama matokeo. Karatasi inayoamua maisha yao ni fomu ya Bodi ya Mikopo. Hiyo nayo wanalipia watu wawajazie, tena bila kuisoma.

Naomba nitoe mfano wa nyumbani kwangu, usije ukamuumiza mwingine. Kaka yangu alifariki akaacha kijana. Alipomaliza kidato cha sita alikwenda kwenye duka moja la steshenari, foleni ndefu, vijana wanakimbizana na tarehe ya kuripoti JKT. Mimi nikiwa Dodoma nilimtumia kwa simu ada ya maombi Sh. 30,000 na 15,000 ya kujaziwa. Nikamwuliza neno moja tu: "Umemaliza?" Akasema amemaliza.

Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na majina matatu, cheti cha kidato cha nne majina mawili. Cheti cha kifo cha baba yake hakikuwa kimehakikiwa RITA wala kuambatishwa. Yatima akaonekana kwenye mfumo kama mtoto mwenye wazazi wote wawili. Mkopo hakupata. Mimi ambaye kazini narudisha vocha kwa sababu ya sahihi moja, sikuifungua fomu ya mtoto wa kaka yangu. Alikaa nyumbani mwaka mzima akilima. Mwaka uliofuata tuliijaza pamoja, ukurasa kwa ukurasa, akapata. Posho ya chakula na malazi peke yake, kwa Sh. 10,000 kwa siku, ni Sh. 1,200,000 kwa siku 120. Hiyo ndiyo thamani ya kusoma fomu.

Sisi wa Kongwa hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali habari ya fedha kwenda pasipohitajika. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kwetu kulima karanga kabla ya kuisoma vizuri mvua na udongo wetu. Januari 1951 walifunga hesabu kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Wazee wetu waliokuwa wakiijua ardhi ile walikuwepo, hawakuulizwa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Mfuko usilipie mtu wa kuandika wala kunyoosha insha. Badala yake tufungue meza ya usomaji Kongwa kwa miezi minne, tangu vijana wanapomaliza mitihani. Wasomaji ni sisi wenyewe, kwa zamu. Mwongozo wa Bodi hutolewa bure kila mwaka. Kazi yetu ni kuusoma na kijana, kulinganisha vyeti, kumhimiza aanze mapema uhakiki wa RITA, na kuhakikisha sahihi za mdhamini, serikali ya kijiji na hakimu au wakili zipo kabla hajatuma. Mwenye insha ya nje naye aje nayo.

Mahitaji ni haya:

Kompyuta mpakato mbili zilizotumika: Sh. 1,400,000
Printa yenye skana: Sh. 550,000
Intaneti, miezi minne: Sh. 200,000
Karatasi na wino: Sh. 150,000
Nauli za wasomaji, safari 12: Sh. 240,000
Ada ya maombi ya mkopo kwa vijana 20 wasio na uwezo: Sh. 600,000
Jumla: Sh. 3,140,000

Fomu ya ahadi imo katikati ya kijitabu hiki. Asiye na fedha leo aandike jina lake na Jumamosi mbili anazoweza kukaa mezani. Hiyo nayo nitaiandika kwenye leja kama mchango, na mwakani nitaisoma mbele yenu.

Na usiku wa leo, kabla hujalala, mpigie mtoto mmoja aliyemaliza shule. Usimwulize kama amemaliza kujaza. Mwambie akusomee alichojaza.