Askofu Edward Steere na Maneno Tuyasomayo Madhabahuni
(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Habari za wamisionari wa Berlin waliofika Unyakyusa mwaka 1891, kisha wakavuka milima kwenda kwa Wakinga, Wabena na Wahehe, mmezisikia. Mimi nitamsema mtu aliyefariki kabla yao, ambaye hakuwa Mlutheri wala hakufika Iringa au Mbeya: Askofu Edward Steere wa Kanisa la Kianglikana, Zanzibar.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria hata kupata udaktari. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Huko msomi huyu alikubali kuwa mwanafunzi tena. Aliketi na Waislamu wa mjini, akaandika hadithi zao kama walivyozisimulia. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili: kimoja cha sarufi, kingine cha hadithi, na humo imo ile ya Sultani Darai na paa wake.

Mtu aweza kuuliza: kasisi ana haja gani na hadithi za paa? Ndugu zangu, Luther mwenyewe alifundisha mwaka 1530 kwamba mfasiri amsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Wasomi wa kizazi cha Erasmus walitupa Kiyunani. Lakini Kiyunani peke yake hakimfikii mama jikoni. Steere alilijua hilo, ndiyo maana alitangulia kusikiliza ndipo akafasiri.

Aliwekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1874. Alisimamia mwenyewe ujenzi wa kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 akawaongoza kwa miguu watumwa waliokombolewa hadi Masasi. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo. Biblia nzima ya Kiunguja, aliyoiwekea msingi, ilitoka mwaka 1891, mwaka uleule wa wamisionari wetu.

Kwetu nyandani Kiswahili kilikuwa lugha ya ugenini. Wazee waliomba kwa Kibena na Kikinga. Ndugu yetu Mlutheri Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, akidhani yatamzuia Mwafrika wa bara. Namheshimu sana kwa kazi yake, lakini katika hili nasimama na Steere. Imani, dhambi, rehema, sadaka: maneno hayo yalikwisha kuwa ya watu kabla hayajawa ya Kanisa, na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 iliyaacha mahali pake. Asubuhi ya leo msomaji wetu, ambaye nyumbani husema Kihehe, ameyatamka yote manne hapa mbele bila kujikwaa.