Uhakiki wa Riwaya za Mapenzi na Miongozo ya Afya ya Uzazi kwa Vijana wa Sekondari

Mada kwa semina ya walimu wa Kiswahili, walimu walezi na wajumbe wa bodi za shule, Ukata, wilaya ya Mbinga



Mada niliyopewa inagusa vitabu vya aina mbili ambavyo shuleni kwetu havikai kabati moja. Riwaya ya mapenzi ikikamatwa hulala kwenye droo ya mwalimu wa nidhamu. Mwongozo wa afya ya uzazi huwa ofisini kwa mwalimu mlezi, mara nyingi ukiwa bado ndani ya bahasha uliyokuja nayo. Cha kwanza mwanafunzi anakisoma kwa kujificha, cha pili hakisomi kabisa. Nadhani kosa liko kwetu sisi tunaovihakiki. Riwaya tunaipima kwa kuhesabu mabusu, mwongozo tunaupima kwa kutazama muhuri wa aliyeutoa. Napendekeza vipimo tuvigeuze: riwaya iulizwe inamwambia nini msichana kuhusu mwili wake na hiari yake, na mwongozo uulizwe kama mtoto wa kidato cha pili anaweza kuusoma hadi mwisho bila kusinzia.

Hapa kwetu jambo hili si la fasihi peke yake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata mimba, ikilinganishwa na asilimia 27 katika utafiti wa 2015/16. Mkoa wetu wa Ruvuma ulikuwa na asilimia 37, wa pili baada ya Songwe wenye 45. Sababu zake mnazijua kuliko mimi: shule iliyo mbali, watoto wanaopanga mageto mitaani bila mtu mzima, pesa za kahawa zinazoingia kwa mkupuo katika msimu, na kule chini Ziwa Nyasa pesa za samaki wa usipa zinazoingia kila nyavu zinapovutwa. Vitabu haviwezi kufuta hayo. Ila kitabu ndicho chombo alichonacho mwalimu wa Kiswahili, na hatuna sababu ya kukitumia vibaya.

Nianze na mfano wa zamani. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, hadithi ya binti wa Ukerewe anayelelewa kwa fimbo. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Hakuna mtu nyumbani anayekaa naye kumweleza lolote kuhusu wanaume, wala kuhusu yeye mwenyewe. Anapofika chuo cha ualimu na kuachwa huru, uhuru unamlemea, mimba zinatolewa, na mwisho anajiua. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya ngono yaliyomo. Baadaye kilirudishwa na kufundishwa, na leo hakuna anayeandika historia ya riwaya ya Kiswahili akakiruka.

Kwa kipimo cha kuhesabu mabusu, Rosa Mistika inaanguka. Kwa kipimo ninachopendekeza, ni shitaka zito dhidi ya mzazi anayedhani kimya ni malezi. Hata hivyo, kipimo hichohicho kinatulazimu tuseme na udhaifu wake. Msichana aliyeshika mimba akiisoma peke yake, pasipo mwalimu wa kujadiliana naye, anaweza kuelewa kwamba aliyeteleza hana tena maisha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi darasani. Basi anayefundisha Rosa Mistika leo hana budi kuuliza darasani swali ambalo Kezilahabi hakuwa na sababu ya kuliuliza wakati ule: Rosa angekuwa shuleni kwetu mwaka huu, tungempokea vipi?

Mifano ya karibu zaidi tunayo kwenye orodha ya vitabu vya fasihi ya kidato cha tatu na cha nne. Kilio Chetu, tamthiliya iliyoandikwa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990, ni mjadala mtupu kuhusu mada yetu ya leo. Mama Suzi anaamini kumfundisha mtoto mambo ya jinsia ni kumfundisha uhuni. Baba Anna anaamini kinyume chake, naye anakaa na bintiye na kuzungumza naye. Suzi anapata mimba ya mvulana Joti, na UKIMWI unaingia. Halafu kuna Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds: Furaha anakufa kwa UKIMWI na kuacha waraka, kijiji kinatetemeka kikidhani una majina ya wanaume, kumbe una mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Reynolds amechukua mwongozo wa afya, akaufungia ndani ya siri, na msomaji hawezi kuuweka chini kabla siri haijafunguliwa. Naiona hii kuwa kazi ya ufundi mkubwa, nasi tumeitendea haki kidogo sana. Tamthiliya hizi mbili tunazifundisha kwa dhamira, wahusika, mandhari na tamathali za semi, mtihani unafanywa, majibu yanasahihishwa. Mwanafunzi anaweza kueleza nafasi ya Mama Suzi kwa ufasaha wote na bado asijue kwamba mimba inaweza kutungwa mara ya kwanza kabisa.

Sasa nije kwenye kile wanachokisoma kwa hiari yao. Waliosoma miaka ya 1980 wanawakumbuka Elvis Musiba, Hammie Rajab na Ben Mtobwa, vitabu vya mfukoni vyenye bastola na wanawake warembo. Waliofuata walisoma hadithi za magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo, zilizokatwa pale moyo unapodunda na kumaliziwa kwa neno itaendelea. Watoto wetu wanasoma simulizi kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Sehemu za mwanzo ni bure, zinazofuata zinalipiwa kwa pesa ya simu. Zile zinazoingia chumbani na kukaa humo zinaitwa chombezo, na mara nyingi huandikwa juu kwamba ni za wenye miaka 18 na zaidi, onyo ambalo kwa mtoto wa miaka 15 ni mwaliko.

Mwalimu anayesema hajawahi kusoma hata simulizi moja kati ya hizi hawezi kuzihakiki. Tuzisome. Mtakachokuta kwanza ni kwamba wengi wa waandishi hawa wanajua kazi yao: mazungumzo yanakwenda mbio, tukio linazaa tukio, lugha ni ya mtaani na ina uhai. Hilo tulikubali bila kinyongo. Pili, mtakuta kwamba uchi si jambo baya kuliko yote yaliyomo. Kuna mtindo umezoeleka, wa msichana kusema hapana, na mwandishi kutueleza kwamba mdomo wake ulikataa lakini mwili wake ulikubali, kisha mambo yanaendelea. Mvulana wa kidato cha tatu akisoma hivyo mara ishirini, atajifunza kwamba hapana ni sehemu ya mchezo. Kurasa zenye hilo ndizo ningeziwekea alama nyekundu, hata kama hakuna kifungo cha shati kilichofunguliwa.

Angalieni pia umri na pesa. Mwanaume katika simulizi hizi ni tajiri, bosi, mwenye gari. Msichana ni mwanafunzi au anayetafuta kazi. Hakuna anayeshika mimba isipokuwa njama ya hadithi inaitaka, wala hakuna anayepima. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haitambui ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mke wa mwanaume mwenyewe, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Hadithi ya binti wa miaka 16 anayefaidi maisha kwa mtu mzima ni hadithi ya jinai iliyopakwa marashi. Mhakiki aseme hivyo wazi, mbele ya wanafunzi.

Kinyume chake, hakuna ubaya wowote katika riwaya kuwa ya mapenzi. Katika Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Raza, mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, na riwaya nzima inasukumwa na kukataa kwake kuishi maisha aliyochaguliwa. Mfadhili ya Hussein Tuwa ni mapenzi tangu mwanzo hadi mwisho na imesomwa na kidato cha tano na cha sita bila dunia kupasuka. Kijana ana haki ya kusoma kuhusu mapenzi. Umri wake unamsukuma huko, na akikosa kizuri atachukua kilichopo.

Kuhusu miongozo, nitatumia ukali uleule. Nchi yetu haikukosa kazi nzuri. Femina ilianza mwaka 1999, na jarida lake la Fema likafika shule za sekondari nchi nzima. Ndugu yake, Si Mchezo!, liliandikwa kwa ajili ya vijana wa vijijini, kwa lugha nyepesi na hadithi za picha zenye watu wa kawaida. Kijitabu cha Vipindi vya Maisha, kilichotokana na utafiti wa Marni Sommer, kiliweka ndani yake visa vya wasichana wa Kitanzania wakisimulia walivyopata hedhi ya kwanza. Msomaji anakutana na mwenzake aliyeogopa kama yeye, na elimu inapita humo. Tukumbuke pia tamthiliya fupi za redio kuhusu Fataki, lile jitu zima linalowanyemelea wasichana, ambalo jina lake liliingia midomoni mwa watu hadi abiria kwenye basi wakawa wanamwita mtu Fataki hadharani. Sijui mwongozo uliowahi kufanya hivyo.

Vitabu vya malezi vilivyochapwa na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, ambavyo wengi wetu tulivikuta parokiani, navyo vina nafasi yake. Vinazungumza vizuri juu ya heshima na uchumba. Vikifika kwenye mwili, sauti inashuka.

Miongozo mingine mingi imeandikwa kwa Kiswahili cha warsha. Inazungumzia kujengewa uwezo wa kufanya maamuzi sahihi na yenye tija. Mtoto wa Ukata hajawahi kuuliza hivyo. Anauliza: kuota usiku ni ugonjwa? Damu ikiruka mwezi mmoja nina mimba? Akinipa simu nimeshakubali? Mwongozo usiojibu maswali haya kwa maneno ya anayeuliza, hata uwe na mihuri mitano, upewe alama ya chini.

Tena miongozo inachacha. Mwaka 2019 sheria ilishusha umri wa kupima VVU bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Mwaka 2021 ukaja uamuzi wa kurudi shule. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kijitabu cha mwaka 2015, kikisomwa leo, kitampotosha mtoto katika mambo yote matatu. Kwa hiyo mhakiki wa mwongozo aanze na mwaka wa kuchapwa. Kisha atafute kama kinasema kwamba aliyebakwa anatakiwa afike kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kama kimetaja namba 116, Simu ya Mtoto, ambayo haina malipo. Visipokuwamo, mwalimu aviandike kwa kalamu ndani ya jalada.

Mtaniuliza kuhusu Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa kwenda kinyume na mila, desturi na malezi. Sina ugomvi na serikali kuchuja vitabu vya watoto, ni wajibu wake. Nina ugomvi na orodha inayoweka vichekesho vya Diary of a Wimpy Kid pamoja na miongozo ya elimu ya jinsia, vyote kwa sababu moja. Vitabu vile vya Kiingereza shule za kata kama zetu havikuwa navyo hata kabla ya marufuku. Kilichoingia mlangoni kwetu ni woga: mwalimu akiona neno jinsia kwenye jalada anakirudisha kitabu kwenye bahasha.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila shule iwe na watu saba wa kusoma: mwalimu wa Kiswahili, mwalimu wa baiolojia, muuguzi wa zahanati, mzazi, katekista au shehe, na wanafunzi wawili, wa kike na wa kiume. Wanapogawana vitabu, muuguzi asome riwaya na mwalimu wa Kiswahili asome mwongozo. Muuguzi ataona kisichotokea kwenye miili ya binadamu, mwalimu wa Kiswahili ataona sentensi isiyosomeka. Uhakiki uwe ukurasa mmoja, ubandikwe ndani ya kitabu, utaje kurasa za kujadiliwa darasani. Simulizi za simu ziletwe bila jina la aliyeleta na bila adhabu, vinginevyo hakuna itakayoletwa.

Walimu wenzangu, Kilio Chetu ipo tayari kwenye vipindi vyenu na haihitaji kibali cha mtu. Mtakaporudi vituoni, igizeni sehemu ya Mama Suzi na Baba Anna siku ya mkutano wa wazazi, halafu mwacheni muuguzi ajibu maswali. Fanyeni hivyo muhula huu, kabla msimu wa kahawa haujaanza.