TUBEBANE KWA ZAMU

Maongezi kwa wanakisomo siku ya kufunga darasa lao

Ndugu zangu wanakisomo, mama zangu, baba zangu, kilima chenu hiki kimenitoa jasho. Mmeniona nikipanda na fimbo yangu, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiburutwa nyuma. Nilipofika hapo kwenye mwembe, mtoto mmoja akaniuliza, "Babu, mguu wako umeliwa na nini?" Mama yake akamkemea. Nikamwambia, mwache, ameuliza vizuri. Leo nitamjibu mbele yenu nyote.

Mimi nilizaliwa mwaka 1960 huko Upareni, milimani. Nilipokuwa na miaka mitatu nilipata homa. Siku tatu usiku na mchana mwili ulikuwa moto. Siku ya nne homa ikashuka, mama akafurahi. Akanisimamisha chini, nikaanguka. Akanisimamisha tena, nikaanguka tena. Mguu wa kulia ulikuwa umelegea kama kamba iliyolowa. Watu wakasema nimerogwa. Wengine wakasema ni jicho baya. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa kupooza, yaani polio.

Nilipofika umri wa kwenda shule, baba alikaa akafikiri. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, juu ya mlima. Mtoto mzima alitembea saa nzima. Je, mimi wa kutambaa? Baba peke yake hakuweza kunibeba kila siku, maana shamba lilimngoja na nyumbani tulikuwa wengi.

Kwetu ipo desturi inayoitwa msaragambo. Pembe ikipigwa, watu wote hutoka kwenda kufanya kazi ya pamoja, kama kusafisha mfereji au kutengeneza njia. Basi jioni moja, baada ya kazi ya mfereji, baba aliwaeleza majirani shida yake. Wakazungumza. Mwisho wakapatana hivi: siku za shule ni tano, na nyumba ziko tano. Kila nyumba ichukue siku yake. Jumatatu baba, Jumanne jirani wa juu, na kuendelea hivyo mpaka Ijumaa. Hivyo ndivyo nilivyokwenda shule. Nilikwenda mgongoni.

Lakini msidhani mambo yalikuwa laini. Mwaka wa pili baba aligombana na jirani wa siku ya Alhamisi. Waligombania mpaka wa shamba. Maneno makali yakatoka, wakafika kwa wazee, wakaacha kusalimiana. Siku ya Jumatano usiku nilimsikia mama akimwuliza baba, "Kesho nani atambeba mtoto?" Baba hakujibu.

Alhamisi alfajiri tukasikia hodi. Alikuwa yeye. Hakukaa, hakunywa hata maji. Akachuchumaa mlangoni nikapanda mgongoni. Baba akatoka, akasimama akimtazama. Yule jirani akasema, "Ugomvi ni wangu na wewe. Zamu ni ya mtoto." Tukaenda. Ugomvi wao uliendelea mwaka mzima, lakini hakukosa Alhamisi hata moja. Nilipofika darasa la nne, seremala wa kijiji alinichongea magongo mawili, nikaanza kujiendea mwenyewe.

Ndugu zangu, nimeanza na habari hiyo kwa sababu nimeombwa niwaeleze juu ya vyama vya kujitolea, vile vya watu wanaokutana kwa urafiki na kusaidia wengine. Ninyi mtasema hayo ni mambo ya mjini. Hebu nisikilizeni kwanza.

Kipo chama kimoja kinaitwa Rotary. Kilianzia Marekani, katika mji mkubwa wa Chicago. Mwanzilishi wake alikuwa wakili, jina lake Paul Harris. Alilelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont. Huko kila mtu alimjua mwenzake. Alipohamia Chicago alijuana na watu wengi wa kazi, lakini hakuwa na wa kumbishia hodi. Si mnajua mji ulivyo? Watu ni wengi kama siafu, na bado mtu anaweza kuwa mpweke.

Basi tarehe 23 Februari 1905 Harris alikutana na wenzake watatu. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mmoja fundi wa migodi, na mmoja mshona nguo. Wakapatana wawe wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, safari nyingine dukani kwa yule. Kwa sababu ya kule kuzunguka kwa zamu wakajiita Rotary, neno lenye maana ya kuzunguka. Mnaona? Ni zamu tu, kama ile ya nyumba zetu tano.

Mwanzoni walisaidiana wao kwa wao. Mwenye makaa alimpelekea mshona nguo kitambaa, mshona nguo naye alinunua makaa kwake. Hilo si baya. Lakini urafiki wa kulishana ninyi kwa ninyi haufiki mbali. Baadhi yao wakauliza, je, sisi tunamfaa nani nje ya mlango huu?

Kazi yao ya kwanza kwa watu wote ilikuwa nini? Msicheke. Ilikuwa choo. Katikati ya mji ule mkubwa hapakuwa na choo cha watu wote. Mwanamume aliyebanwa aliingia kilabuni, akalazimika kununua pombe. Mwanamke aliingia dukani, akalazimika kununua kitu. Kuanzia mwaka 1907 wanachama wale waliungana na vikundi vingine kuutaka mji ujenge choo. Wenye vilabu vya pombe wakapinga, maana walikuwa wanapata faida. Lakini choo kilijengwa. Basi asiwadharau mtu mkianza na kazi ya choo. Wakubwa nao walianzia hapo.

Chama kikakua. Hapa Afrika Mashariki klabu ya kwanza ilianzishwa Nairobi mwaka 1930. Sitawaficha kasoro yao. Kwa miaka zaidi ya 80 chama hicho kilikuwa cha wanaume tu. Wanawake waliruhusiwa duniani kote mwaka 1989. Hapo walijinyima nusu ya nguvu. Mkono mmoja haulei mwana, na ninyi akina mama mlio wengi katika darasa hili mnalijua hilo kuliko mimi.

Sasa narudi kwenye mguu wangu.

Mwaka 1979 wanachama wa Rotary walianza kazi ya chanjo ya polio katika nchi ya Ufilipino. Walilenga watoto milioni 6. Wakaona inawezekana. Mwaka 1985 wakajiwekea kazi kubwa zaidi, yaani watoto wa dunia nzima. Walitaka kukusanya dola milioni 120. Kila klabu ikachanga, huku kidogo, kule kidogo. Mwaka 1988 zilikuwa zimepatikana dola milioni 247. Haba na haba hujaza kibaba, na hapo kilifurika.

Mwaka huohuo wa 1988 serikali za dunia, kupitia Shirika la Afya Duniani, zilipatana kuufuta ugonjwa huo. Rotary na UNICEF wakawamo katika kazi hiyo. Wakati huo polio ilikuwa inapooza watoto kama 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Leo ugonjwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Maana yake, mahali palipokuwa na watoto mia moja wa kupooza, sasa hapafiki hata mmoja. Mwezi Agosti mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Afrika haina tena kirusi cha asili cha polio.

Lakini ugonjwa ni kama moto wa kichakani, ukiacha kaa moja, upepo hulichukua. Mwezi Februari mwaka 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja amepatikana na polio iliyotoka mbali, upande wa Pakistan. Mwezi Mei Msumbiji nayo ikapata mgonjwa. Tanzania haikungoja. Mwezi Machi mwaka huohuo watoa chanjo walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, wakiwapa watoto matone. Ugonjwa huu hutoka kwenye kinyesi cha mwenye kirusi, ukafika kwenye maji, chakula na mikono. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, hurudi. Ndiyo maana nasema choo na chanjo ni ndugu.

Sasa sikilizeni neno ambalo nimelibeba kilima hiki chote kuja kuwaambia. Chanjo ya polio ilianza kutumika Marekani mwaka 1955. Mimi nilipooza mwaka 1963. Miaka minane, ndugu zangu! Dawa ilikuwako duniani. Iliyokosekana ni migongo ya kuibeba mpaka mlangoni kwa mama yangu. Zile nyumba tano zilinibeba mimi, lakini hapakuwa na wa kuibeba dawa. Msaada haukosekani kwa sababu vitu havipo tu. Mara nyingi hukosekana kwa sababu watu hawajapangana zamu.

Je, ninyi mfanye nini? Sisemi mwende mjini mkajiunge na Rotary. Nasema mjifunze kwao mambo manne.

Kwanza, anzeni wachache. Wao walianza wanne, sisi nyumba tano. Kikundi cha watu wanaojuana hakitoroki.

Pili, wekeni siku ya kukutana, na ishikeni hata kama hakuna shida. Watu wakikutana siku ya matatizo tu, watachoka kuonana. Kaeni, pigeni hadithi, kunyweni chai. Urafiki si kupoteza wakati. Yule jirani wa Alhamisi alikuja kwa sababu kabla ya ugomvi tulikuwa tumeshakula naye na kulima naye miaka mingi.

Tatu, uongozi uwe wa zamu. Katika klabu za Rotary mwenyekiti hukaa mwaka mmoja, halafu humpisha mwingine. Kiti kisiote mizizi.

Nne, andikeni. Hapa nawaeleza jambo la aibu. Nilipokuwa kijana tulikuwa na kikundi cha kusaidiana. Tulichanga hela tukaziweka kisandukuni. Mimi niliyesoma nilikuwa nafanya kazi mbali, na waliobaki hawakuandika kitu. Kila mtu aliweka hesabu kichwani. Siku moja hesabu zikapishana. Huyu akasema ametoa mara nne, yule akasema mara tatu. Wakatupiana maneno ya wizi, kisanduku kikafungwa mpaka shauri liishe. Kabla halijaisha, mama mmoja akapata uchungu wa kuzaa usiku, mtoto amekaa vibaya. Hela za gari zilikuwamo mle kisandukuni, lakini hakuna aliyethubutu kukifungua. Wakambeba kwa machela mpaka asubuhi. Mama akapona. Mtoto hakupona. Baadaye kisanduku kilipofunguliwa, hela zilikuwa zimetimia. Hakuna aliyeiba hata senti. Kilichokosekana ni daftari.

Ninyi leo mnapokea vyeti vya kusoma na kuandika. Basi daftari hilo mnaliweza. Andikeni tarehe, jina, kiasi, na sahihi ya aliyetoa. Kila mnapokutana, mmoja asome kwa sauti, wote wasikie. Kusoma kwenu kusiishie kwenye cheti ukutani.

Namalizia. Wale waliokuwa wakinibeba karibu wote wametangulia mbele ya haki. Amebaki mmoja, yule wa Alhamisi. Sasa ni mzee sana, na macho yake hayaoni tena. Kila Alhamisi nakwenda kwake na fimbo yangu. Namsomea gazeti, namsomea barua za wajukuu wake, na akitaka kujibu namwandikia. Siku moja mvua ilinyesha kutwa. Akaniambia, "Leo ungebaki nyumbani, mguu wako huo." Nikamwambia, "Baba, leo ni Alhamisi."

Basi yule mtoto wa pale mwembeni nimemjibu. Mguu umeliwa na ugonjwa, lakini mimi mwenyewe sikuliwa, kwa sababu watu walinibeba. Nanyi mtazameni jirani yenu. Nani hafiki kisimani? Nani hafiki zahanati? Mtoto wa nani hajapata matone? Mkishamjua, kaeni wachache, mpange zamu.

 

Tujadiliane

1. Katika kitongoji chenu ni nani anayehitaji kubebwa, na nani anaweza kushika zamu?
2. Je, kikundi chenu cha kusaidiana kina daftari? Nani huliandika, na nani husomewa?
3. Watu wawili waliogombana wafanye nini ili kazi ya wote isisimame?