Diski Inapokataa Kuandika: Wajibu wa Mfumo wa Faili Wenye Daftari

Mada kwa semina ya wasimamizi wa mifumo ya kompyuta



1. Utangulizi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mfumo wa faili wa ext3, ulioingia katika Linux mwaka 2001, na mrithi wake ext4, hufuata busara hiyo. Kila badiliko la mpangilio wa faili huandikwa kwanza daftarini, ndipo lihamishiwe mahali pake. Umeme ukikatika, mashine ikiwashwa tena husoma daftari na kumalizia kiporo.

Je, ikiwa umeme upo, ila diski yenyewe imegoma? Hoja yangu ni kwamba daftari ni kinga ya kukatizwa ghafla, si ya diski mbovu. Hitilafu ya kuandika lazima isikike, na ikishasikika kazi isimame.

2. Pa kuharibikia ni patatu

Tumchukue karani aliyehifadhi faili ya mishahara. Kioo kinamwambia tayari, kumbe faili ingali kwenye kumbukumbu ya mashine. Katika hali ya kawaida ya ext4, yaliyomo huandikwa diskini kwanza. Kisha maelezo ya faili (ukubwa wake, sehemu za diski inazokalia) huingia daftarini, na muamala hufungwa kwa alama maalumu. Daftari hufungwa hivyo kila sekunde 5, asipotokea wa kulilazimisha mapema. Baadaye maelezo huhamishiwa mahali pake, na ukurasa wa daftari hutumika upya.

Kwanza, yaliyomo yanaweza kukwama. Daftari litakuwa safi, lakini mishahara haimo. Mfumo huandika onyo na kuendelea, isipokuwa umepachikwa kwa chaguo data_err=abort.

Pili, ukurasa wa daftari wenyewe unaweza kukataa. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Alama ya kufunga ikipigwa juu ya ukurasa ambao haukuandikika, siku ya kuwasha upya takataka itanakiliwa juu ya maelezo mazima. Ndiyo maana ext4 hulivunja daftari na kugeuza mfumo kuwa wa kusoma tu.

Tatu, uhamishaji unaweza kushindikana. Ukurasa ukifutwa kabla ya kuthibitisha kuwa maelezo yamefika, nakala zote mbili zimepotea.

3. Mafunzo ya miaka iliyopita

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipandikiza hitilafu makusudi katika ext3, ReiserFS na JFS. Mara nyingi ext3 ilizipuuza hitilafu za kuandika. Hata ukurasa wa daftari ulipokataa, iliendelea kufunga muamala. ReiserFS ilikwenda upande wa pili: iliisimamisha mashine nzima. Kasoro za ext3 zilirekebishwa baadaye.

Mwaka 2018 wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL walikumbana na jambo jingine. Programu inapoita fsync, inadai uhakika kwamba data imefika diskini. Wito wa kwanza ulirudisha hitilafu. Wa pili ukajibu kwamba mambo ni shwari. Sababu ni kwamba Linux ilikuwa imeshaihesabu data ile kuwa imeandikwa, ilhali haikuandikwa. Tangu 2019 PostgreSQL, fsync ikishindwa, hujizima na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala.

4. Mapendekezo

(a) Kagua seva zako. Ext4 huundwa ikiwa na errors=continue, yaani huendelea na kazi ikikuta kosa lisilo la daftari; tumia tune2fs kuweka errors=remount-ro.

(b) Mwandishi wa programu asome jibu la fsync kila mara. Likiwa hitilafu, asirudie wito akitumaini. Aandike data upya kutoka kwenye chanzo anachokiamini.

(c) Ukikuta mfumo umegeuka wa kusoma tu, usikimbilie kuufungua. Soma dmesg, pima diski kwa smartctl, okoa data, ndipo uupachue na kuendesha e2fsck.

(d) Fanyeni mazoezi. Mchana tutatumia dm-flakey, inayoifanya diski nzima ijifanye mbovu kwa sekunde tutakazopanga, tuone programu zetu zinasema nini.

5. Hitimisho

Mfumo uliogoma humleta karani mlangoni kwako akilalamika asubuhi hiyohiyo. Mfumo uliopuuza hitilafu humleta mwisho wa mwezi, mishahara inapotafutwa. Mimi namchagua yule wa asubuhi.