Kichwa cha Tatu cha Bisepsi: Tahadhari kwa Tabibu wa Kondele



Anayefanya kazi Kondele, hapa Kisumu, hahitaji kuelezwa kwa nini mkono wa juu unatuhusu. Bodaboda inateleza, abiria anaangukia kiwiko, humerasi, yaani mfupa wa mkono wa juu, inavunjika, majeruhi anakimbizwa Russia. Ndivyo wakazi wa Kisumu wanavyoiita hadi leo Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa Oktoba 1969. Nitazungumzia kile mpasuaji anachoweza kukikuta ngozi ikishafunguliwa ili chuma kifungwe.

Tumefundishwa kwamba bisepsi ina vichwa viwili, vyote vikianzia kwenye mfupa wa bega. Kwa watu wengi ni kweli. Hata hivyo, mwaka 1993 Asvat na wenzake, nchini Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti: kichwa cha tatu kilionekana kwa asilimia 20.5 ya Waafrika weusi na asilimia 8.3 ya Wazungu. Jambo linalompata karibu mtu mmoja kati ya watano mimi siliiti kioja.

Mara nyingi kichwa hicho huanzia upande wa ndani wa humerasi, pale msuli wa korakobrakialisi unapoishia na ule wa brakialisi unapoanzia. Ni utepe wa nyama unaoteremka nyuma ya bisepsi na kuungana nayo kabla ya kiwiko. Tatizo ni neva ya muskulokutenia. Kwa kawaida hutoboa korakobrakialisi, kisha hupita kati ya bisepsi na brakialisi, yaani njia ileile ya utepe huu. Mpasuaji anayedhani utepe ni kipande cha brakialisi anaweza kuukata au kuuvuta kwa nguvu pamoja na neva. Mgonjwa akizinduka, kiwiko hakikunjiki vizuri na ngozi ya upande wa nje wa kigasha imekufa ganzi. Lawama zote zitaangukia ajali.

Neva hiyo yenyewe haina njia moja. Kwa baadhi ya watu haitoboi korakobrakialisi kabisa. Hushikamana na neva ya kati. Wenzetu wa nusukaputi wanaochoma ganzi kwapani walikumbuke hili mgonjwa anapolalamika kwamba kigasha bado kinahisi kisu. Hasemi uongo.

Jingine, adimu zaidi, ni kijiba cha mfupa sentimita chache juu ya kiwiko, upande wa ndani. Kikiungwa na kano ya Struthers, neva ya kati na ateri ya mkono huweza kubanwa chini yake. Picha ya eksirei hukionyesha, na wapo wanaokidhania uvimbe wa mfupa.

Tukirudi kwenye bisepsi, kwa wavuta mikokoteni: kazi hunenepesha msuli, haiongezi kichwa cha tatu. Mtu huzaliwa nacho.

Ili kuona jinsi takwimu zinavyotofautiana, sasa gusisheni kidole gumba na kidole cha mwisho, mkunje kifundo kidogo. Kano inayochomoza katikati ni ya msuli wa palmarisi longasi. Vitabu vingi husema takriban asilimia 15 ya watu hawana. Kigera na Mukwaya, waliopima Afrika Mashariki mwaka 2011, walipata asilimia 4.4. Takwimu za kuazima hazitutoshi.

Napendekeza ripoti ya kila upasuaji wa humerasi iongezwe mstari mmoja: kichwa cha tatu kipo au hakipo, kinaanzia wapi, neva imepita wapi. Mikono miwili ya mtu mmoja si lazima ifanane, kwa hiyo kulia au kushoto kutajwe.