Adili Ukubwani: Juu ya Vitabu vya Utotoni Visivyochuja



Nimeombwa nizungumzie vitabu vya watoto, nami nitazungumzia watu wazima. Humu ukumbini wamo watu wenye shahada mbili tatu ambao, wakichoshwa na magazeti na ripoti, hukitoa kabatini kitabu cha Adili na Nduguze na kukisoma kimyakimya, kama mtu anayekula pipi akiwa peke yake. Ukiwauliza kwa nini, watasema kinawakumbusha shule. Sisadiki. Kumbukumbu ya shule humtosha mtu kurasa tatu. Haiwezi kumvusha kitabu kizima, tena kwa mara ya nne. Kitabu cha utotoni kinachosomeka ukubwani, kwa maoni yangu, ni kile kinachomwachia msomaji nafasi ya kuhama. Mtoto husimama upande wa mhusika mmoja na kubaki hapo mpaka mwisho. Akirudi akiwa mtu mzima, hujikuta upande mwingine, na mara nyingi hakuchagua kwenda huko.

Shaaban Robert alikichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Kisa chake mnakijua. Ndugu watatu wanagawana urithi. Hasidi na Mwivu wanapoteza fungu lao, na Adili anawagawia la kwake. Wanasafiri pamoja, Adili anakutana na binti aitwaye Mwelekevu katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, nduguze wanaingiwa na kijicho, wanamtupa baharini. Huria, binti wa mfalme wa majini, anamwokoa na kuwageuza nduguze manyani. Kisha anamwachia Adili amri: kila usiku awapige mijeledi, na akiacha, atapigwa yeye.

Mtoto anayesoma hapo hufurahi, na furaha yake ina sababu. Pengine asubuhi ile ile yeye mwenyewe alichapwa viboko viwili kwa kuchelewa namba, na sasa anawaona wakubwa wakichapwa, tena kwa kosa kubwa kuliko lake. Mizani imekaa sawa. Anafunua ukurasa.

Mtu mzima hafunui upesi hivyo. Anaanza kumwangalia anayeshika mjeledi. Adili hana hasira na nduguze. Akiisha kuwapiga huwalisha na kuwapoza. Anapiga kwa kuwa ameamriwa na mwenye nguvu kuliko yeye, na usiku unaofuata atapiga tena, na mchana ataketi barazani kama liwali mwema anayesifiwa na raia. Aliyewahi kushika cheo, hata cha ukaguzi wa soko, anaijua kazi ya namna hiyo. Ipo barua uliyotia sahihi na hukuipenda. Yupo kijana uliyemfukuza kazini kwa maagizo ya mkubwa, kisha ukampelekea mama yake unga kwa mlango wa nyuma. Utotoni niliona kitabu hiki kinahusu ndugu wabaya. Siku hizi naona kinahusu mtu mwema anayetekeleza adhabu asiyoiamini, na sijui kitabu kingine cha Kiswahili cha miaka ile kilichoiweka hali hiyo wazi namna hii.

Tena hayuko peke yake usiku ule. Yupo Ikibali, kijana aliyetumwa na Mfalme Rai kufuata kodi iliyochelewa ya Janibu, anakotawala Adili. Amelala katika nyumba ya mwenyeji wake, amekula chakula chake, na sasa anachungulia na kuona jambo ambalo hakutumwa kuliona. Afanye nini? Mfalme wake anapenda wanyama na huchukizwa na mtu anayewatesa. Akisema, amemchongea mwenyeji; akinyamaza, amemficha bwana wake habari. Mtoto humpita Ikibali mbio, maana kazi yake katika kisa ni kufungua mlango wa siri tu. Mimi siku hizi humchelewea. Shaaban Robert aliingia kazi ya serikali ya kikoloni mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na kwa muda akaitumikia forodha ya Pangani. Baadaye akahamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kusimuliwa jinsi mtoza ushuru anavyoingia nyumba ya watu. Sidai kwamba Ikibali ndiye Shaaban. Nasema kwamba aliyeliandika tukio lile alijua uzito wa taarifa inayopelekwa juu.

Niseme sasa jambo ambalo huwakera wapenzi wengine wa Shaaban Robert: kisa hiki si chake kwa asili. Kimo katika Alfu Lela u Lela, na huko mtu wetu anaitwa Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na mfalme ni Harun al-Rashid. Nduguze ni mbwa, si manyani. Mjeledi ni ule ule, na mjumbe anachungulia vile vile. Wapo wanaoliona jambo hili aibu ya kufunikwa. Mimi naliona ndilo raha kubwa ya kukisoma upya, kwa sababu ukiviweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu unaona mkono wa fundi ulipopita.

Chukueni wanyama. Kwa nini mbwa wakawa manyani? Nionavyo mimi, mbwa asingefaa kisa hiki pwani. Adili huketi na nduguze, huwalisha, huwagusa. Msomaji Mwislamu wa Tanga angehangaika na twahara badala ya kuwaza huruma. Nyani ni habari nyingine. Mkulima anamjua kwa wizi wa mahindi na kwa uso wake unaofanana mno na wa mtu. Na mtoto aliyepitia chuoni tayari amesikia, katika habari za Sura ya al-Baqara, kuhusu watu walioivunja Sabato wakaambiwa wawe manyani. Kwa badiliko moja mwandishi amepata adhabu ambayo wasomaji wake waliikubali bila kuelezwa. Mtoto haoni ufundi huo, na hana haja ya kuuona. Mkubwa akiuona hufurahi kama aliyefunuliwa fundo la mkeka.

Si kila kitabu kinamkaribisha mtu namna hiyo. Kizazi cha wazee wetu kilipenda sana Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885 iliyotafsiriwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1929. Jina la Gagula, mchawi kikongwe wa kitabu kile, lilitosha kumlaza mtoto mapema. Nimekirudia kitabu kile, na Kiswahili chake bado kinateleza ulimini. Lakini nilipojaribu kuhama kutoka upande wa Quatermain, mwindaji anayekisimulia, sikupata pa kusimama. Yule msichana wa Kikukuana anayempenda Mzungu anauawa ndani ya pango, na msimulizi anauona msiba ule kama nafuu, maana ndoa ingeleta matata. Utotoni tulisafiri na wawindaji wale, tukaiangalia nchi inayofanana na yetu kwa macho yao, na hatukuona ajabu. Kitabu kile nakiheshimu kwa lugha. Kukisoma kwa raha kumenishinda.

Abunuwasi kwa upande wake hachuji kabisa. Kile kisa cha sufuria mnakijua: ameiazima kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea. Mara ya pili hakurudisha kitu, akasema imekufa. Mtoto hucheka na Abunuwasi. Mtu mzima aliyeona upatu ukiingia mtaani, watu wakiambiwa wapande mbegu wavune mara mbili, anamtambua jirani yule: ni mwalimu mwenzake, ni shemeji yake, mwaka fulani alikuwa yeye mwenyewe. Mapato ya mwanzo yalipokelewa bila swali. Na ukija kujua kwamba Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad wa karne ya 8 aliyesifika kwa mashairi ya mvinyo, unaanza kuelewa kwa nini mjanja wetu yuko huru hivi mbele ya masultani.

Nirudi kwa Adili kabla muda haujaniishia, maana nimebakiza badiliko kubwa kuliko yote. Katika Alfu Lela u Lela, ndugu wakisharudishiwa ubinadamu hawatosheki. Wanamvamia tena Abdallah, wanamkaba na kumtupa mtoni, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert alilikataa jambo hilo. Kwake, Rai anawaombea, Huria anakubali, Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na kitabu kinafungwa kwa msamaha na harusi. Mtoto huona ndivyo inavyopaswa kuwa. Mimi nimekaa vikao vingi vya ukoo juu ya mashamba ya marehemu, nimewasikia ndugu wa tumbo moja wakikanana mbele ya mzee wa mtaa, na nimeona mapatano yaliyoshuhudiwa na watu wote yakivunjwa kabla ya mavuno. Mwisho wa Kiarabu naona ni wa kweli zaidi. Karani wa Tanga, ambaye naye bila shaka aliyaona magomvi ya urithi yakipita mezani pake, aliona vingine, akaandika hivyo.

Kwa hiyo hapo mimi naye hatukubaliani, na kila ninapokisoma tena huwa natafuta ukurasa ambapo atanishawishi. Mara ya mwisho, nusura afaulu.